Mchapishaji wa Vitabu vya Adabu

Wenzangu wa rika langu waliobakia, tukikutana baada ya sala ya alasiri, bado wanamsifu yule mchapishaji. Wanasema alikuwa mtu wa heshima zake, kwamba mji huu haujapata tena mtu aliyependa vitabu kama yeye, kwamba lau angekuwepo leo watoto wangekuwa na adabu. Mimi hunyamaza nikaangalia viatu vyangu. Wanadhani nanyamaza kwa huzuni. Nanyamaza kwa sababu nikifungua kinywa nitatukana, na nimelelewa nisiwatukane wakubwa, hata waliokwisha kufa. Kuandika si kutukana. Wacha niandike.

Sitasema alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Hilo ndilo swali pekee alilolipenda, na simpi raha ya kulijibu.

Jambo moja nitalisema mapema, asije msomaji akanidhania mtu mwema. Kitabu chake kilichosomwa kuliko vyote Unguja, kile cha kusomea watoto wa kike chenye jalada la kijani, kina jina langu. Sikukiandika mimi. Alikiandika dada yangu. Mchapishaji ndiye aliyelitia jina langu, mimi nikakubali, na dada yangu akaishi nyumba moja na mimi miaka yote akikiona kwenye shubaka la ukumbini.

Duka lake lilikuwa katika kichochoro kimoja cha Mkunazini. Mbele ni vitabu, nyuma ni mtambo wa chapa, juu wanakaa watu wa nyumbani kwake. Nilipomaliza skuli ya sekondari nilipata kazi kwake ya kusoma prufu, zile karatasi za majaribio zinazosahihishwa kabla ya kitabu kupigwa chapa, na nilijiona nimefika. Vijana wenzangu walikuwa wakiandika hesabu za magunia bandarini. Mimi nilikuwa nikikaa kitini, kalamu nyekundu mkononi, na watu wakiniita mwalimu bila ya kuwa nimefundisha hata siku moja.

Alikuwa mrefu, mwembamba, kanzu yake imepigwa dobi mpaka inalia akitembea. Akiingia chumba cha kupangia herufi alikuwa akivua viatu, kama anaingia msikitini, na sisi sote tulilazimika kuvua. Mpangaji herufi wetu, Mngazija mmoja mcheshi, alikuwa akisema zile herufi za risasi zikimwangukia kidoleni basi atakufa shahidi. Bwana, ndivyo tulivyomwita mchapishaji, hakucheka. Alisema neno likishapigwa chapa halimo tena mikononi mwa aliyelisema, kwa hivyo chumba linamozaliwa kiheshimiwe.

Njiani hakuacha kipande cha karatasi chenye maandishi. Mgongo wake ulikuwa mbovu, lakini ataegemea bakora, atainama, atakiokota, atakipangusa vumbi na kukitia mfukoni. Wazee wengi walikuwa na desturi hiyo, kwa kuchelea jina la Mungu lisije likakanyagwa, ila wao waliokota karatasi za herufi za Kiarabu tu. Yeye aliokota zote: kifungio cha sabuni, tangazo la sinema, risiti ya mauzo ya karafuu. Nyuma ya mlango wa kiwanda palikuwa na gunia, na likijaa mchukuzi hulipakia mashuani akalizamisha mbali na pwani. Siku moja nilimwona akiokota gazeti la wapinzani wake, toleo lililomwita kibaraka na mla jasho la watu. Nikamuuliza kama na hilo nalo linakwenda gunini. Akalikunja taratibu.

"Herufi hazina kosa," akasema.

Siku zile nililiona neno kubwa, nikalirudia kwa kila mtu. Leo likinijia natamani kutema mate. Aliweza kuinama kwa ajili ya kifungio cha sabuni, na sijamwona akiinama kumsikiliza mchukuzi aliyelibeba gunia lile.

Niseme sasa namna alivyochagua vitabu, maana hapo ndipo palipokuwa na ubaya wake wote, na palikuwa pazuri kupatazama. Mbele ya duka palikuwa na baraza ya mawe. Kila siku baada ya alasiri walikaa pale marafiki zake: tajiri mmoja mwenye mashamba ya karafuu, karani mstaafu wa mahkama ya kadhi, na mkaguzi wa skuli ambaye akija huwa bado ana chaki mikononi. Kahawa hutiwa, halua hukatwa, na mimi nikapewa muswada nisome kwa sauti. Sauti yangu ilikuwa nzuri. Nilikuwa nikisoma Maulidi nyumba za watu. Basi nasoma, wao wanasikiliza, na yeye amekaa na penseli. Hakuna aliyepiga kura. Hakuna aliyesema hiki kikatwe. Lakini mtu akikohoa, Bwana anatia alama.

Ndiyo hivyo tu. Kikohozi. Waandishi wa mji mzima walijua, na wengine walijikata wenyewe kabla ya kuleta, wakikaa usiku wakijiuliza nani atakohoa wapi. Serikali ilikuwa na sheria zake za magazeti na vitabu, lakini kwa Bwana hazikuhitajika. Kitabu kikifika serikalini kilikuwa kimeshakoholewa.

Kipo kitabu kimoja cha ufugaji wa nyuki, kakiandika bwana mmoja wa Makunduchi, mtu mpole asiyejua siasa hata kidogo. Siku niliyokisoma, tajiri wa karafuu alikuwa na mafua. Nusu ya kitabu ikaenda. Mwenyewe alipokiona kimetoka alikuja dukani, akakigeuza huku na huku, akaniuliza kwa upole kama nyuki wake wa sura ya tatu walimkosea nani. Tulicheka sana nyuma ya mtambo. Mngazija alicheka mpaka akamwaga herufi. Sasa najiuliza tulikuwa tukicheka nini. Mtu yule alikuwa amekaa na mizinga yake tangu ujana wake, na hakuleta tena kitabu.

Wanaomsifu wanasema: lakini alikuwa mkarimu. Alikuwa mkarimu, nani anabisha? Mfanyakazi akifiwa, sanda na kahawa ya matanga hutoka kwake. Sikukuu haikupita watoto wetu hawana nguo. Na vitabu vyake alikuwa akivitoa bure kwa skuli za shamba, Mkokotoni, Kiwengwa, Makunduchi, kokote ambako mwalimu alikuwa akifundisha kwa ubao mmoja na ufito wa mtende wa kuchapia. Gari likienda shamba kuchukua karafuu lilikwenda na maboksi ya vitabu vyake. Mkaguzi wa skuli alikuwa akitoa shukurani mpaka machozi.

Mimi nilizipakia boksi zile. Nataka vijana wanielewe. Mahali ambapo hapana kitabu chochote, ukapeleka kitabu kimoja bure, hujatoa sadaka. Umeshika mlango. Mtoto wa Mkokotoni hakuwa na chengine cha kukilinganisha nacho. Alivyoambiwa na kitabu ndivyo ulimwengu ulivyo: juu yupo Mola, chini yake yupo Mfalme, chini yake wapo wenye mashamba na wenye elimu, na chini kabisa yupo yeye, na ashukuru. Bwana hakuwa na jeshi wala hakuwa na cheo serikalini. Alikuwa na boksi. Kizazi kizima cha kisiwa hiki kilijifunza kusoma kwa maneno aliyoyapitisha yeye, na watu hawajui kwamba sauti wanayoisikia vichwani mwao wakijiona wanyonge ni sauti ya mtu mmoja wa Mkunazini aliyependa kahawa chungu.

Akiambiwa kwamba mambo yanabadilika, kwamba watu wanafungua vyama na wanataka kura, alijibu neno lake moja: "Mimi sikatai mabadiliko. Nakataa haraka." Nilimtumikia mpaka nywele zikaanza kunitoka na sikuona jambo hata moja ambalo kwake halikuwa haraka.

Ajabu yake ni kwamba juu, nyumbani kwake, hakuishi hivyo. Binti zake walisoma Kiarabu, Kiswahili na Kiingereza. Mkubwa alikuwa akimsomea magazeti ya Misri kila asubuhi na kubishana naye, na sisi chini tulikuwa tukisikia vicheko. Aliyewafundisha ni dada yangu. Alikuwa mwalimu wa skuli ya wasichana, na jioni akipanda ngazi za nyuma akiwa na buibui lake, akiwafundisha mabinti, na Bwana akikaa upande wa pili wa pazia akisikiliza. Hawakupata kuonana uso kwa uso. Bwana akiwa na neno la kumwambia, hulisema kwa kupitia pazia, na kila mara alianza kwa kumwita Bi Mwalimu. Alinambia mara nyingi kwamba dada yangu ana akili kuliko wanaume wote wa baraza lake, na hakuwa akitania. Alichowaruhusu wanawe ndicho alichowanyima watoto wa wenzake, na sidhani kama siku moja lilimkaa kooni.

Dada yangu ni mkubwa kwangu. Alinilea baada ya mama yetu kufariki. Yeye ndiye aliyenishika mkono kunipeleka chuoni, na fedha zake za ualimu ndizo zilizonisomesha sekondari wakati yeye mwenyewe skuli ilimkatikia njiani. Hakuolewa tena baada ya talaka yake. Aliandika kitabu kile akiwa jikoni, katika madaftari ya skuli, huku akingoja wali ukauke. Ni hadithi za mtoto wa kike katika nyumba moja ya mjini: anavyojifunza kutwanga, anavyofunga Ramadhani ya kwanza, anavyogombana na kaka yake. Mambo madogo madogo, na kila moja ukilisoma unasikia harufu yake. Alitaka kitu kimoja tu. Alinambia: "Nataka watoto wanaonisoma wajue kama ni mwanamke wa hapa hapa. Jina langu liwe juu."

Nikakichukua, nikakisoma barazani.

Siku ile hakikutokea kikohozi. Nilisoma na kahawa ikapoa vikombeni. Tajiri wa karafuu alisahau tasbihi yake. Nikafika kwenye hadithi ya bibi mmoja mtumishi, mama yake alikuwa mtumwa wa nyumba ile ile, amewalea watoto wote wa nyumba, wote wanamwita bibi yetu, lakini chakula akila uani peke yake. Yule mtoto wa kike anauliza kwa nini. Nilisoma hadithi yote mpaka mwisho, na baraza ikawa kimya kama watu wanasubiri imamu atoe salamu.

Kisha Bwana mwenyewe akakohoa.

Aliniita ndani, akavua viatu, tukakaa baina ya makabati ya herufi. Alisema hajapata kusikia Kiswahili kama kile. Alisema kitabu atakichapa, atakichapa kingi, atakipeleka kila skuli. Ila hadithi ya bibi ikatwe mwisho wake, ataandika yeye maneno mengine. Kitabu cha mtoto, alisema, kinajibu, hakiulizi. Na jambo la pili ni jina.

"Jina la mwanamke mwenye stara zake likae dukani?" akaniambia. "Kila mpita njia alitamke, mvuvi alishike na mikono yake ya samaki? Mimi namheshimu dada yako kuliko hivyo. Wewe ni nduguye. Jina lako ndilo stara yake."

Nilikuwa na maneno ya kumjibu. Dada yangu alikuwa ameniambia wazi anachokitaka. Lakini nililiona jina langu juu ya jalada, nikaona watu wa mtaa wa Malindi wakiniinukia, na nikasema ndiyo. Hakunilazimisha. Hakupandisha hata sauti.

Nikarudi nyumbani, nikamwambia dada habari ya jina. Alikuwa akichambua mchele. Akaniuliza kama nimeshakubali, nikasema nimekuja kumuuliza kwanza. Akanitazama.

"Mdomo wako umekuja kuniuliza," akasema. "Uso wako umeshakubali."

Akaendelea kuchambua. Baadaye akasema bora wakisome kwa jina langu kuliko wasikisome kabisa. Habari ya mwisho wa hadithi ya bibi sikumwambia. Niliona atakasirika. Nilisubiri kitabu kitoke ndipo kimwambie chenyewe.

Na kilimwambia. Mwisho aliouandika Bwana unajulikana na kila mtu wa umri wangu: mama anamjibu mtoto kwamba bibi amezoea kula uani, na kwamba kila mtu ana mahali pake, na raha ya nyumba ni kila mtu kupajua mahali pake. Prufu ya maneno yale niliisahihisha mimi. Nilimwongezea nukta. Dada yangu akakisoma akiwa amesimama, akakifunga, akaniuliza yako wapi madaftari yake. Hakuwa na nakala nyingine. Nikaenda kiwandani kuyatafuta, na Mngazija akaniambia muswada ukishapangwa huingia gunini, na gunia lilikuwa limeshazamishwa. Kwa heshima ya herufi.

Dada hakupiga kelele. Hakunigomea chakula. Kilichokuja nyumbani mwetu kilikuwa kibaya zaidi: akawa ananitendea adabu, kama mgeni.

Kitabu kikaenea. Ukipita karibu na skuli yoyote asubuhi, Ng'ambo au shamba, unasikia watoto wakikiimba kwa pamoja, kila mtu ana mahali pake, kwa lahani moja, wakipiga magoti kwa viganja. Barabarani watu wakinisimamisha kunishika mkono. Nikapewa mwaliko wa chai kwa mkubwa wa elimu. Nilikwenda. Nilivaa koti jipya. Nilikula biskuti.

Kisha siasa zikapamba moto. Watu walisusiana maduka, wakasusiana harusi na mpaka maziko. Wenye mashamba wakaanza kuwafukuza watu waliokuwa wakiishi na kulima chini ya mikarafuu yao tangu enzi za babu zao, kwa kuwa wamejiunga na chama kisichotakiwa. Bwana akachapa makaratasi ya chama cha marafiki zake, na katika mikutano wasemaji walikuwa wakisimama na kusema kama kilivyosema kitabu chetu cha watoto, kila mtu ana mahali pake. Mara moja nilikuwepo. Walipiga makofi na wengine wakageuka kunitazama.

Siku moja nilipanda gari la karafuu kwenda Tunguu na boksi za vitabu. Njiani, kando ya barabara, tukakuta watu wa nyumba moja wamekaa juu ya vyombo vyao: kitanda cha kamba, kinu, masufuria, mabati waliyoyang'oa wenyewe kwenye paa. Dereva akasimama kuuliza. Mama mwenye nyumba alisema wametolewa asubuhi, kwa kuwa mumewe ameonekana mkutanoni. Alisema bila ya kulia, kama anaeleza bei ya muhogo. Binti yake, alikuwa darasa la pili au la tatu, aliniona na boksi, akamnong'oneza mama yake kwamba huyu ndiye aliyeandika kitabu, mwalimu katuonyesha picha yake gazetini.

Mama akasimama. Alijifunga kanga vizuri, akaja mpaka kwenye gari.

"Shikamoo, mwalimu." Alikuwa mkubwa kwangu, shikamoo ile ilikuwa niitoe mimi. "Mie sijui kusoma, lakini mtoto hunisomea kitabu chako, nshakihifadhi. Umesema kila mtu ana mahali pake."

Nikasema ndiyo.

"Basi twambie, mwalimu. Petu wapi?"

Hakuwa akinikejeli. Ningeweza kustahamili kejeli. Alikuwa akingoja jibu, na mumewe juu ya kitanda akangoja, na dereva akangoja. Nilisema Mungu yupo. Gari likaondoka. Nilipofika skulini Tunguu nilizishusha boksi zote, nikatia saini, nikarudi mjini. Natamani niandike kwamba nilizitupa. Sikuzitupa. Na siku ya pili nilikwenda kazini, nikavua viatu mlangoni kama kawaida.

Jioni yake nilimweleza dada yangu. Hiyo ndiyo mara ya kwanza tangu kitabu kitoke tukazungumza kama ndugu. Aliniuliza yule mama anaitwa nani. Sikuwa nimemuuliza.

Kuonana kwetu kwa mwisho na Bwana, kuonana kwa kweli, kulikuwa mwishoni mwa miaka ya hamsini. Ilikuwa imeanza kusemwa kwamba wanawake nao watapiga kura. Wale wale marafiki zake wa barazani, waliokuwa wakisema mwanamke akishika kalamu ataandika barua za mapenzi, wakawa sasa wanahesabu nyumba na idadi ya wanawake walioko ndani. Asubuhi moja nikasikia hodi, nikafungua, ni yeye. Hajapata kuja kwetu. Alikuwa amezeeka ghafla, na chini ya kwapa amekishika kile kitabu cha kijani.

Nilimkaribisha ukumbini. Dada yangu alikuwa nyuma ya pazia na Bwana alizungumza kulielekea pazia, kama zamani. Alisema anakusudia kukichapa upya, na safari hii kwa jina la mwenyewe. Zama hizi si zile. Watoto wa kike wanahitaji kuona kwamba mwanamke wa Kiunguja anaweza. Alisema kwa ufasaha, na nilijua kila neno alilipata kutoka kwa nani na kwa nini.

Pazia likasogea, dada yangu akatoka. Amejitanda buibui, uso wazi. Akakaa kwenye kiti kilichomwelekea. Bwana akainamisha macho.

"Shikamoo."

"Marahaba, Bi Mwalimu."

"Nisomee hadithi ya bibi wa uani," dada yangu akasema. "Mwisho wake."

Bwana akavaa miwani, akafungua, akasoma. Kila mtu ana mahali pake, na raha ya nyumba ni kila mtu kupajua mahali pake.

"Na kabla ya hayo palikuwa na nini?"

Nikadhani atasema hakumbuki. Akavua miwani, akakifunga kitabu juu ya mapaja, na akaanza kusema, polepole, bila ya kukosea:

"Mama akasema, bibi amezoea kula uani. Nikachukua sahani yangu, nikaenda kukaa naye kwenye ngazi ya jiko. Akanitolea miiba ya samaki kama alivyokuwa akinitolea nikiwa mdogo. Nikamuuliza, bibi, umezoea? Akacheka tu. Nikarudi kwa mama, nikamuuliza: kama amezoea, nani alimzoesha? Mama hakunijibu. Lakini siku ya pili nilikuta umetandikwa mkeka mmoja, na sahani ya bibi imewekwa kati."

Dada yangu alikuwa akisogeza midomo pamoja naye. Mimi niliyeyasoma maneno yale kwa sauti barazani, niliyesahihisha yaliyokuja badala yake, sikuwa nayakumbuka hata robo. Yeye aliyazamisha baharini na akabaki nayo kifuani miaka yote, neno kwa neno. Sijui kama kipo kitu kilichonitia hasira kuliko hicho. Laiti angekuwa hakuyaelewa.

"Unayo," dada yangu akasema.

"Ninayo."

"Basi yarudishe mahali pake, na jina langu ulitie."

Bwana akatikisa kichwa. Nilimwona uso wake, na ulikuwa uso wa mtu anayeona uchungu kweli. "Hayo hayachapwi, Bi Mwalimu. Watu wameshachafukiana. Si wakati wake."

"Basi na jina langu halichapwi."

Bwana akageuka kwangu, kama alivyozoea kugeuka kwangu. Alitaka niseme neno, nimwelewe, nimlainishe dada yangu kama nilivyomlainisha mwanzo. Nikamwambia: "Si umemsikia?" Ni hilo tu nililopata kulisema mbele yake ambalo sikulijutia. Alipoinuka sikumsindikiza hata mpaka mlangoni. Kwa mtu wa umri wake, katika mji wetu, kule ni kumtia kofi.

Nilimwambia dada yangu nakwenda kumtaka alitoe na langu. Akanikataza. Alisema akilitoa langu atatafuta la mtu mwengine, na huyo hatajua kitu. "Liache," akasema. "Siku akija mtu akakuuliza, kama kweli uliandika wewe, mwambie yote. Na hayo aliyoyasema leo mwambie. Yahifadhi."

Niliyahifadhi siku ile ile. Mchapishaji alifariki, na dada yangu naye baada yake, na kiwanda kikafungwa, lakini kitabu kimeishi. Wajukuu wa waliokisoma mwanzo nao wamekisoma. Wamenijia wengi. Wamenishika mkono, wameniletea watoto wao niwape baraka, wamenisomea ile sentensi kwa lahani yake wakiwa na ndevu nyeupe. Nami kila mara hukaa tayari na jibu langu.

Bado hajatokea hata mmoja aliyeniuliza. Kazi ile ya kuwazoesha wasiulize tuliifanya vizuri.